Namna ya Kuandika Historia ya Ukumbi wa Chama cha Mafundi

Ukipewa kazi ya kuandika historia ya ukumbi wa chama chenu, vitu vitatu vitaletwa mezani kabla hujaviomba: hati ya kuanzishwa kwa chama, orodha ya wenyeviti, na picha ya siku ya ufunguzi. Vipokee kwa mikono miwili, viandike kwenye daftari lako, kisha vifungie kabatini. Utavihitaji baadaye. Ukianza navyo utaandika habari za waliokaa meza kuu, na ukumbi wenyewe hautaonekana.

Mimi ni seremala. Nyaraka nilizijia kupitia paa. Ukishika boriti iliyochongwa na mtu aliyekufa miaka 200 kabla hujazaliwa, unatamani kujua alilipwa nini, alikuwa na wanagenzi wangapi, na nani alimzika. Maswali hayo ndiyo yaliyonipa njia ninayoieleza hapa. Inafaa kwa ukumbi wa wafua dhahabu, wachinjaji, washona nguo au wapika pombe, lakini mifano mingi nitaichota kwa maseremala wenzangu, maana habari zao ndizo nilizozisoma kwa mapenzi.

Anza na vitabu vya hesabu

Kitabu cha kumbukumbu za vikao kinaeleza yaliyosemwa. Kitabu cha mapato na matumizi kinaeleza yaliyotendeka. Kikao kinaweza kuazimia kwa sauti moja kwamba paa litengenezwe, lakini kama mwaka huo hakuna msumari ulionunuliwa wala fundi aliyelipwa, paa halikuguswa. Kwa hiyo soma hesabu kwanza, ukurasa kwa ukurasa, hata zile zinazochosha: mishumaa, kuni, ufagio, vioo vilivyovunjika. Andika kila malipo yanayohusu jengo kwa tarehe na jina la aliyelipwa. Ukimaliza utakuwa na mifupa ya historia yako, na humo utakuta majina ya watu ambao orodha ya wenyeviti haikuwahi kuwataja.

Tazama chama cha wapika pombe cha London. Karani wao, William Porlond, aliandika kitabu cha mambo yao kuanzia 1418 hadi karibu 1440. Mwaka 1422 waliamua kumbukumbu zao ziandikwe kwa Kiingereza, kwa sababu wanachama wengi walikisoma hicho, huku Kilatini na Kifaransa vikiwashinda. Ndani ya kitabu hicho wamo wanawake, wanachama kwa majina yao wenyewe. Wamo pia waliopanga ukumbi kwa siku moja moja: vyama vingine visivyo na pa kukutania na, katika miaka ya mwanzo ya 1420, hata kundi la wacheza kandanda. Hakuna hati ya kifalme itakayokueleza kwamba ukumbi wa wapika pombe ulikodishwa kwa wacheza mpira. Mtu aliyepokea pesa ndiye aliyeliandika hilo, kwa kuwa alitakiwa kutoa hesabu yake.

Ukisoma hesabu, weka alama ya pekee kwenye safu ya kodi. Ukumbi ni mzigo mkubwa kwa mfuko wa chama, na namna walivyoubeba ni sehemu nono ya historia. Je, walichanga kwa hisa? Walikopa kwa mwanachama tajiri? Walipangisha vyumba vya chini? Faini za waliochelewa kikaoni ziliingia mfuko gani? Nakushauri uache kiasi cha fedha kama kilivyoandikwa, bila kukigeuza kuwa fedha ya leo. Kipime kwa ujira wa fundi wa siku moja wa wakati ule ule. Msomaji akiambiwa mlango uligharimu ujira wa siku 12, ameelewa.

Uliza walikutana wapi kabla ya ukumbi

Chama karibu siku zote kina umri mkubwa kuliko jengo lake, na pengo hilo waandishi wengi huliruka. Usiliruke. Maseremala wa London walikuwa na kanuni za udugu wao tangu 1333, lakini ukumbi wao wa kwanza waliujenga 1429, juu ya kiwanja walichokipanga. Karibu miaka 100 bila paa lao wenyewe! Basi chama kilikuwa kinafanya nini muda wote huo? Kanuni zenyewe zinajibu: kuwasha mishumaa kanisani, kuwasindikiza ndugu waliokufa hadi kaburini, na kumpa mwanachama aliyeugua, au aliyeangukiwa na nyumba, au aliyejikata kwa shoka, peni 14 kila wiki. Nilipozisoma kanuni hizo mara ya kwanza nilinyamaza kwa muda. Aliyeziandika alijua shoka linavyoteleza.

Hapo ndipo utakapoona kwamba ukumbi ulikuja baadaye kuhifadhi kazi iliyokuwapo tayari: ya kutunzana. Anayeujua ukumbi kama mahali pa karamu na mavazi ya sherehe tu atashangaa akifika kwa wafanyabiashara wa York, kaskazini mwa Uingereza. Jengo lao la mwaka 1357 hadi 1361 limesimama mpaka leo, na limegawanywa kwa kazi tatu: juu ukumbi mkubwa wa mbao, chini hospitali ya maskini, na ubavuni kanisa dogo. Wazee na wagonjwa waliendelea kutunzwa katika chumba kile cha chini hadi 1900. Wanachama walipokaa juu kujadili biashara, waliokuwa hawana kitu walikuwa wamelala chini ya sakafu ile ile. Ukiandika habari za ukumbi wa juu ukaacha hospitali ya chini, umeandika nusu ya nyumba.

Kuna ushahidi mwingine ninaoupenda, wa mgeni. Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mnamo 1331, alipita Anatolia, yaani Uturuki ya leo, baada ya safari hiyo. Mjini Antalya alialikwa chakula na mtu aliyevaa nguo kuukuu, akadhani masikini wa Mungu yule hataweza kulisha wageni. Akaelezwa kwamba mtu huyo ni fundi wa ngozi, na kwamba mafundi wapatao 200 wa kazi mbalimbali wamemfanya mkuu wao na kujenga zawiya ya kupokelea wageni. Wanachokichuma mchana hukitumia humo usiku. Alipoingia alikuta mazulia mazuri na taa za kioo. Mgeni hueleza jambo ambalo wenyeji hawaliandiki, kwa sababu wao wanaliona kila siku. Kwa hiyo tafuta barua za wageni, taarifa za wasafiri, magazeti ya zamani, hata malalamiko ya majirani kuhusu kelele za usiku.

Wengine hawakujenga kabisa, walinunua. Chama cha wauza vitambaa cha London kilinunua mwaka 1543, kutoka kwa mfalme Henry VIII, nyumba iliyokuwa ya Thomas Cromwell, waziri ambaye mfalme huyo huyo alikuwa amemkata kichwa 1540. Kama ukumbi wenu ulinunuliwa, historia yake inaanzia kwa mwenye nyumba wa kwanza, na swali la jinsi alivyoipoteza halikwepeki.

Lisome jengo lenyewe

Hapa nitakaa zaidi, maana ndipo waandishi waliosoma vitabuni tu wanapopungukiwa. Nenda ukumbini asubuhi mapema au jioni, wakati mwanga unaingia kwa ubavu, ukiwa na tochi, utepe wa kupimia, penseli na daftari. Anzia juu, darini. Sehemu za chini zimepakwa rangi na kukarabatiwa kwa ajili ya macho ya watu. Darini hakuna aliyepasafisha.

Tazama kwanza kama mbao zina masizi. Masizi mazito juu ya boriti, mahali ambapo hakuna bomba la moshi, yanamaanisha moto uliwashwa katikati ya sakafu na moshi ukatafuta njia yake paani. Kisha tafuta matundu matupu, yaani mahali palipochongwa tundu la kuingizia ulimi wa mbao nyingine, lakini mbao hiyo haipo. Matundu ya namna hii yakiwa na mpangilio, kulikuwa na ukuta au dari iliyoondolewa. Yakiwa hayana mpangilio wowote, boriti hiyo ilitoka kwenye jengo jingine. Mafundi hawakutupa mbao nzuri, na usishangae ukikuta boriti yenye umri mkubwa kuliko ukumbi.

Kwenye viungo tafuta mikwaruzo midogo yenye umbo la namba za Kirumi: I, II, III, IIII. Paa la mbao kubwa lilichongwa na kuunganishwa kwanza chini, kiwanjani, likatiwa alama, likabomolewa, kisha likapandishwa juu kipande kwa kipande. Namba zikifuatana sawasawa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, paa hilo ni kazi moja ya mkono mmoja. Zikirukaruka, kuna kipande kilichobadilishwa au jengo lilirefushwa. Zichore zote kwenye ramani yako ya paa. Mimi nazihesabu alama hizi kuwa maandishi, tena maandishi ya watu ambao hawakuandika kingine chochote.

Alama za msumeno nazo zinazungumza. Msumeno wa kuvutwa na watu wawili huacha mistari iliyonyooka lakini isiyolingana, mmoja umelala zaidi ya mwenzake, kwa kuwa mikono huchoka. Msumeno wa duara huacha mikunjo ya nusu mwezi, na ukiikuta, mbao hiyo haikuwahi kuwepo kabla ya zama za viwanda. Misumari iliyofuliwa kwa mkono huchongoka pande zote nne. Ile iliyokatwa kwa mashine kutoka kwenye bamba, iliyoenea kuanzia miaka ya 1790, huchongoka pande mbili. Ile ya waya, mviringo, ilitawala kuelekea mwisho wa karne ya 19. Msumari mmoja haukupi tarehe, sababu yeyote anaweza kupigilia msumari mpya kwenye mbao ya zamani. Sakafu nzima iliyopigiliwa misumari ya aina moja ni jambo jingine.

Kama chama kina uwezo, omba wataalamu wa kuhesabu pete za mti. Hutoboa kijitundu chembamba, hupima upana wa kila pete na kuulinganisha na mfululizo wa miti ya eneo hilo. Waonyeshe mbao ambazo bado zina ganda au sehemu laini ya nje ya mti, maana pete ya mwisho kabisa ndiyo inayotaja mwaka mti ulipokatwa. Ikiwa fundi aliichonga sehemu hiyo ikatoka, utapata makadirio tu. Mwaloni ulichongwa ungali mbichi, kwa hiyo kukatwa na kujengwa mara nyingi havikupishana sana.

Na usiamini ukuta kwa sura yake. Mwaka 1845, katika ukumbi wa maseremala wa London, mfanyakazi aligundua michoro ya karne ya 16 iliyokuwa imefunikwa ukutani: Nuhu akijenga safina, Mfalme Yosia akiagiza hekalu litengenezwe, Yesu akiwa mtoto karakanani kwa Yusufu, na Yesu akifundisha katika sinagogi. Maseremala hao walijizungushia hadithi zote za Biblia zenye harufu ya mbao. Vizazi vilikula na kukutana hatua chache kutoka hapo bila kujua. Kabla ya kuruhusu lipu ibomolewe au rangi ikwanguliwe, piga picha, gonga ukuta usikilize mlio, fungua kipande kidogo kwanza.

Uso wa mbele ndio unaodanganya zaidi. Pale Brussels, kwenye uwanja wa Grand-Place, nyumba za vyama vya mafundi zimesimama bega kwa bega, na mgeni huondoka akiamini ameona Zama za Kati. Agosti 1695 jeshi la Ufaransa liliupiga mji huo kwa mizinga, uwanja ukateketea, na vyama vikajenga upya katika miaka michache iliyofuata. Chama cha mabaharia kilijipa kilele cha nyumba chenye umbo la tezi ya meli. Karne moja baadaye, chini ya utawala wa Ufaransa, vyama hivyo vikafutwa, nyumba zikabaki. Katika nyumba ya wachinjaji, iitwayo Le Cygne, ndimo kilimoanzishwa Chama cha Wafanyakazi cha Ubelgiji mwaka 1885. Wachinjaji walikuwa wameondoka siku nyingi, lakini habari hiyo ni ya ukumbi wao, nayo ina haki ya kuandikwa.

Wapangaji na wageni mashuhuri

Hili linahitaji uthabiti. Kila ukumbi wenye umri una siku yake moja kubwa, na siku hiyo hutaka kumeza miaka mingine yote. Chukua Carpenters' Hall, ukumbi wa maseremala wa Philadelphia, Marekani. Chama cha maseremala wa mji huo kilianzishwa 1724, kikaanza kujenga ukumbi 1770 kwa ramani ya mwanachama wao Robert Smith, mzaliwa wa Scotland. Kuanzia tarehe 5 Septemba hadi 26 Oktoba 1774, wajumbe wa makoloni 12 ya Uingereza huko Amerika walikutana humo katika Kongamano la kwanza la Bara, kujadili malalamiko yao dhidi ya Uingereza. Walikuwa wamepewa nafasi ya kutumia jumba la serikali, wakachagua ukumbi wa mafundi. Ni siku za fahari, na maseremala wana haki ya kujivunia. Lakini ni wiki 7 hivi katika umri wa miaka 250.

Ukiendelea kusoma utakuta maisha yaliyobaki, na ni matamu. Ghorofani ilipangishwa maktaba ya Library Company tangu 1773. Huko juu, Desemba 1775, Benjamin Franklin, mmoja wa viongozi wa makoloni hayo, alikutana kwa siri na mjumbe wa Ufaransa, Bonvouloir. Benki ya kwanza ya taifa ilifanya kazi humo kuanzia 1791 hadi 1797. Kisha ikaingia Benki ya Pennsylvania, na usiku mmoja wa 1798 ikaibwa zaidi ya dola 160,000. Aliyefungwa ni Pat Lyon, mfua vyuma aliyetengeneza makufuli ya hazina. Hoja dhidi yake ilikuwa kwamba hakuna mwingine mwenye ustadi wa kuyafungua, ingawa wakati wa wizi alikuwa mbali, amekimbia homa ya manjano. Mwizi halisi alikamatwa akiweka pesa zile zile benki. Lyon alishtaki, na mwaka 1805 mahakama ikampa haki yake. Hadithi hii inanigusa kuliko hotuba zote za 1774: mtu wa kazi aliyeadhibiwa kwa kuijua kazi yake, ndani ya nyumba ya watu wa kazi. Baadaye ukumbi ulikuwa mahali pa mnada, na mwaka 1857 chama kikautengeneza na kuufungulia umma.

Basi fanya hivi: andika jedwali la kila chumba na kila mwaka, ujaze nani alikitumia. Mahali penye nafasi tupu ndipo pa kurudi kwenye hesabu. Kwa msimu ule wa siku kubwa, tafuta pia chama chenyewe kilikuwa kinafanya nini. Maseremala wa Philadelphia walikuwa na kitabu cha bei za kazi, kilichochapwa 1786, ambacho kiliruhusiwa kwa wanachama peke yao. Kitabu cha bei kinaeleza mafundi walivyoishi kwa undani ambao hotuba haziwezi kuufikia.

Waulize walio hai, ukiwa ndani ya ukumbi

Mahojiano ya sebuleni hutoa hotuba. Mlete mzee ukumbini, mtembee naye taratibu, umwachie aguse vitu. Usimuulize “zamani ilikuwaje?” Muulize mlango huu ulizibwa lini, nani alikuwa akishika funguo, chakula kilipikwa wapi, jeneza la mwanachama liliingizwa kupitia mlango upi. Waulize pia waliofagia, waliopika na wajane wa mafundi, maana wao waliuona ukumbi siku ambazo hapakuwa na kikao. Wazee wawili wakitofautiana, andika kauli zote mbili kwa majina yao, halafu upime kwa hesabu na kwa mbao. Usiwapatanishe kwa kalamu yako.

Ukifika kuandika, mimi huona ni bora kwenda kwa vyumba kuliko kwa miaka. Msomaji aingie mlangoni, apite ukumbi mkubwa, ashuke chini, apande darini, na katika kila chumba apewe habari zake zote tangu mwanzo. Orodha ya miaka iwekwe nyuma, na wenyeviti wako wapo hapo, wametendewa haki. Tenga sura ya waliokataliwa mlangoni: kanuni za uanachama na maombi yaliyotupwa zitakuonyesha ni akina nani. Sura hiyo wengine watakuomba uifute. Iache, mradi kila neno lina ushahidi.

Kila unachodai, andika pembeni kimetoka ukurasa gani wa kitabu gani, au boriti ipi. Piga picha kila ukurasa wa vitabu vya hesabu kabla kazi haijaisha, na usiziweke nakala pamoja na asili. Ukumbi wa maseremala wa London uliupona moto mkuu wa 1666, ukajengwa upya karne ya 19, ukateketea Mei 1941, lakini hesabu zao za kuanzia 1438 bado zinasomeka. Ule wa Philadelphia uliwaka moto sehemu ya chini tarehe 24 Desemba 2022. Seti moja ya picha iwe kwenye hifadhi ya nyaraka ya mji, nyingine kwa mweka hazina nyumbani kwake, na vitabu vyenyewe viwe ghorofa ya juu, mbali na jiko, mbali na bomba la maji, ndani ya sanduku ambalo mtu mmoja anaweza kulibeba akikimbia.